Hesabu za Muuguzi wa Zamu

Mtoto mchanga wa siku mbili, mwenye uzito wa kilo 3, amepatwa na maambukizi katika damu. Daktari ameagiza apewe sindano ya jentamisini miligramu 15 mara moja kwa siku, pamoja na dawa nyingine. Muuguzi wa zamu ya usiku anafungua kabati. Kwa majuma mengi kabati hilo limekuwa na ampuli zenye miligramu 20 za jentamisini katika mililita 2. Usiku huu bohari imeleta ampuli zenye miligramu 80, nazo pia ni za mililita 2. Vioo vinakaribiana kwa kimo na kwa unene, dawa iliyomo haina rangi, na maandishi ni madogo. Muuguzi aliyezoea kuvuta mililita moja na nusu kwa mtoto wa uzito huo, akifanya leo kama alivyofanya jana, atakuwa amempa miligramu 60, yaani mara nne ya kiasi kilichoagizwa. Jentamisini ikizidi mwilini, hasa kwa siku kadhaa mfululizo, hudhuru figo, na hudhuru pia sikio la ndani. Na uziwi unaoletwa na dawa hiyo aghalabu hauponi.

Kosa la namna hiyo halitokani na ugumu wa hesabu. Hesabu yenyewe ni ya uwiano, ile ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwa mifano ya bei ya machungwa na mwendo wa baiskeli. Tofauti ni kwamba mwanafunzi akikosea bei ya machungwa hupewa alama ya mkasi, na somo huendelea.

MAANA YA NAMBA ILIYO JUU YA KIOO

Asomaye juu ya ampuli maneno "80 mg/2 ml" hasomi namba mbili zilizowekwa pamoja kwa bahati. Anasoma uhusiano mmoja. Uhusiano huo unasema kwamba kila mililita ya dawa hiyo imebeba miligramu 40. Katika ampuli ya zamani kila mililita ilibeba miligramu 10 tu. Miligramu ndiyo kipimo cha dawa yenyewe. Mililita ni kipimo cha maji yanayoichukua. Daktari aliyeandika miligramu 15 ameagiza dawa, hakuagiza maji, na kazi ya muuguzi ni kutafuta ni maji kiasi gani yanayobeba dawa hiyo katika kioo alichokishika usiku huo, wala si katika kioo cha jana.

Njia ya kale ya walimu wa hesabu inatosha kabisa. Ikiwa miligramu 80 zimo katika mililita 2, basi miligramu 1 imo katika mililita 2 zilizogawanywa kwa 80. Na miligramu 15 zimo katika mara 15 ya hiyo, yaani mililita 0.375. Katika vyuo vya uuguzi njia hii hufupishwa kuwa kanuni moja: kiasi kilichoagizwa kigawanywe kwa kiasi kilichomo, kisha jibu lizidishwe kwa ujazo.

15 ÷ 80 × 2 = 0.375

Kanuni hii ni sahihi na ni rahisi kuikariri. Hapo ndipo palipo na ubaya wake, kwa kuwa jambo lililokaririwa huweza kugeuzwa juu chini pasipo mwenyewe kutambua. Aliyechoka saa tisa za usiku, akigawanya 80 kwa 15 badala ya 15 kwa 80, atapata mililita 10 na zaidi. Karatasi haitampinga. Kitakachompinga ni kukisia, ikiwa alikisia kabla ya kushika kalamu: miligramu 15 ni kama sehemu moja ya tano ya miligramu 80, kwa hiyo dawa inayotakiwa ni kama sehemu moja ya tano ya ampuli, na sehemu moja ya tano ya mililita 2 ni 0.4. Mtu aliyekwisha kujiambia "karibu 0.4" hawezi kulikubali jibu la 10, wala la 3.75, wala la 0.0375. Mwalimu wa hisabati anayewadai wanafunzi wake makisio kabla ya hesabu anawapa jambo ambalo hospitali hulihitaji kuliko kasi ya kukokotoa.

Lakini 0.375 hupimwaje? Bomba la sindano la mililita 2 lina alama kwa kila sehemu ya kumi ya mililita. Muuguzi atakayelitumia atalazimika kusimama kwenye 0.4, naye atakuwa ametoa miligramu 16, zaidi ya agizo kwa karibu asilimia 7. Bomba jembamba la mililita 1 lina alama kwa kila sehemu ya mia. Humo aweza kusimama kwenye 0.38, ambayo ni miligramu 15.2, na ziada haizidi sana asilimia 1. Hivyo tarakimu zinazostahili kuandikwa baada ya nukta huamuliwa na alama za chombo kilichopo mkononi. Somo hili la usahihi wa vipimo ni lile lile linalofundishwa katika maabara ya fizikia kwa rula na vernia.

UMRI AU UZITO?

Kwa muda mrefu dozi ya mtoto ilikadiriwa kwa umri wake. Kanuni iliyojulikana sana ilikuwa ya Mwingereza Thomas Young (1773–1829), ambaye wanafunzi wa fizikia humjua kwa majaribio yake ya kuonyesha kuwa nuru ina tabia ya mawimbi. Young alikuwa pia daktari. Kanuni yake inasema umri wa mtoto kwa miaka ugawanywe kwa jumla ya umri huo na 12, na jibu ndilo sehemu ya dozi ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hupata 4 juu ya 16, yaani robo. Wa miaka 12 hupata nusu.

Na ijaribiwe kwa parasetamoli. Ikiwa mtu mzima hupewa miligramu 1000, mtoto wa miaka 4 kwa kanuni ya Young hupewa 250. Siku hizi kipimo cha juu cha mtoto kwa mara moja huhesabiwa kuwa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa miaka 4 mwenye kilo 16 hupata 240, na Young anaonekana hakukosea hata kidogo. Lakini mtoto mwingine wa umri huo huo, aliyedhoofishwa na njaa na maradhi hata akabaki na kilo 10, anastahili miligramu zisizozidi 150. Kwa kanuni ya umri angepewa 250, zaidi ya kipimo chake kwa theluthi mbili, na ini lake ndilo dhaifu zaidi. Kanuni ilitungwa kwa watoto waliokua vizuri. Yule asiyekua vizuri humpima kwa kivuli cha mwenzake. Ndiyo sababu mizani huwekwa karibu na mlango wa wodi ya watoto, na mtoto hupimwa kabla ya dozi yake kuandikwa.

(Dawa hiyo ya maji huuzwa sana ikiwa na miligramu 120 katika mililita 5, na mara nyingi mzazi huambiwa "kijiko kimoja". Vijiko vya jikoni havikutengenezwa kwa kipimo kimoja. Kijiko au kikombe kidogo kinachokuja pamoja na chupa, au bomba lisilo na sindano, ndicho chombo cha kutumia.)

Hata hivyo uzito nao hausemi kila kitu. Mwaka 1959 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walichapisha habari za watoto wachanga, wengi wao njiti, waliopewa kloramfenikoli na kufa. Watoto hao walivimba tumbo, wakapoa mwili, ngozi ikageuka rangi ya majivu. Walikuwa wamepewa dozi kubwa, na kwa siku kadhaa. Ilifahamika kwamba ini la mtoto wa siku chache bado halijaweza kuibadili dawa hiyo vya kutosha ili itolewe, na figo zake nazo hazijakomaa. Basi kila dozi iliyofuata ilirundikana juu ya ile iliyotangulia. Kuzidisha na kugawanya kwaweza kuwa sahihi, na bado mgonjwa akadhurika, ikiwa namba ya kuanzia si yake.

Mfano wa upande wa pili unatoka katika malaria kali. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Kati ya waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, kati ya waliotibiwa kwa sindano ya atesuneti walifariki asilimia 8.5. Atesuneti ikashika nafasi ya kwanza. Dozi yake ilikuwa miligramu 2.4 kwa kilo kwa watu wote, mpaka ilipoonekana kwamba kwa kipimo hicho watoto wadogo hupata dawa pungufu katika damu yao. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mwenye uzito chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo. Matokeo yake humshangaza mwanafunzi anayechora grafu: mtoto wa kilo 19 hupata miligramu 57, na wa kilo 21 hupata 50.4. Mstari wa uwiano umekatika, ukashuka, kisha ukaanza kupanda tena. Hakuna kosa katika grafu hiyo. Uwiano sawa ni dhana ya mtu, na mwili huifuata kwa kadiri tu.

UNGA NAO HUSHIKA NAFASI

Dawa nyingi za sindano huja zikiwa unga, kwa sababu zikiwa maji huharibika upesi. Atesuneti ya kichupa kilichozoeleka cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu. Ikiwa itapigwa katika mshipa wa damu, huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi. Jumla ni mililita 6, na kila mililita ina miligramu 10. Mtoto wa kilo 14 anastahili miligramu 42, yaani mililita 4.2. Ikiwa itapigwa katika msuli, maji ya chumvi huwa mililita 2 tu, jumla 3, na dozi ile ile huwa mililita 2.1.

Kosa linalowanasa wanafunzi ni kuisahau ile mililita ya kwanza. Husema: miligramu 60 katika mililita 5, basi kila mililita ina 12, 42 kwa 12 ni 3.5. Wanavuta mililita 3.5 za dawa ambayo kwa hakika ina miligramu 10 katika kila mililita, na mtoto anapata 35. Amepunjwa sehemu moja ya sita ya dawa yake, katika ugonjwa ambao saa chache za mwanzo ndizo zenye uamuzi. Katika wodi huogopwa zaidi dozi iliyozidi, na ni haki. Lakini dozi pungufu haina kelele, na lawama yake huangukia ugonjwa.

Unga wa penisilini una tabia nyingine. Kichupa chenye yuniti milioni 1, ambazo ni miligramu 600, kikitiwa mililita 1.6 za maji safi ya sindano hutoa mililita 2 za dawa. Mililita 0.4 zimetoka wapi? Ni nafasi iliyoshikwa na unga wenyewe. Atakayetia mililita 2 kamili atapata 2.4, na kila mililita haitakuwa na yuniti 500,000 tena bali 417,000 hivi. Kwa hiyo maelekezo ya kichupa hayana budi kusomwa kila mara, hata na mwenye miaka 20 kazini.

NUKTA, SIFURI NA HERUFI

Kabla ya miligramu kutawala, waganga wa Ulaya na Marekani walipima dawa kwa punje, kipimo kilichotokana na uzito wa punje ya nafaka. Punje moja ni miligramu 64.8, na dozi ya kawaida ya aspirini ilikuwa punje 5, yaani miligramu 324. Kidonge cha Uingereza kikafanywa 300 na cha Marekani 325. Ndiyo maana mpaka leo havilingani.

Mfumo wa metriki umeondoa fujo hiyo, lakini umeleta hatari yake. Vipimo vyake hupandana kwa kumi, mia na elfu, na kinachotenganisha kumi na moja ni kidoa cha wino. Daktari akiandika ".5" pasipo sifuri mbele, na karatasi ikiwa na mikunjo, msomaji aweza kusoma 5. Akiandika "5.0", na nukta ikafifia, husomwa 50. Kwa sababu hiyo wauguzi hufunzwa desturi mbili: sifuri iandikwe daima kabla ya nukta, na isiandikwe kamwe baada ya namba nzima. Mwalimu wa fizikia atapinga kwamba 5.0 husema zaidi ya 5, kwani huonyesha usahihi wa kipimo. Katika maabara ana haki. Katika faili la mgonjwa, sifuri hiyo ifutwe.

Herufi nazo ni za kuangaliwa. Insulini hupimwa kwa yuniti, na waandikao "4U" kwa haraka wamepata kusomwa "40". Neno lote liandikwe. Hali kadhalika alama ya mikrogramu, ikiandikwa kwa mkono, hufanana na ile ya miligramu, na kati ya hizo mbili pana mara elfu moja. Digoksini, dawa ya moyo, ina kidonge cha mikrogramu 250 na kingine kidogo cha mikrogramu 62.5. Agizo la miligramu 0.25 likifika wodini penye vidonge vidogo tu, muuguzi hubadili kwanza vipimo viwe vya aina moja: 0.25 mara 1000 ni mikrogramu 250. 250 kwa 62.5 ni vidonge 4. Hesabu ikimdai vidonge 40, au ampuli 10 kwa mgonjwa mmoja, na asimame hapo, arudi kwa aliyeagiza.

Kwa dawa kali, hospitali nyingi hutaka hesabu ifanywe na wauguzi wawili. Desturi hiyo huharibika kwa ukarimu. Wa kwanza akisema, "Dada, nimepata sifuri nukta tatu nane, ni sawa?" wa pili karibu daima atasema ni sawa. Akimpa agizo na ampuli peke yake, akangoja jibu bila kutaja la kwake, hapo ndipo zimepatikana hesabu mbili.

MATONE KWA DAKIKA

Inabaki hesabu inayohusu wakati. Mtoto wa miezi 8, mwenye kilo 8, asiye na utapiamlo, ameletwa saa tatu usiku akiwa amepungukiwa sana na maji kwa kuhara. Mwongozo wa matibabu kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja unasema apewe maji ya Ringer mililita 30 kwa kila kilo katika saa ya kwanza, kisha 70 kwa kila kilo katika saa tano zinazofuata. Hizo ni mililita 240, halafu 560.

Pasipo mashine ya kusukuma dripu, muuguzi hutumia saa yake ya mkononi na matone. Juu ya mfuko wa mpira wa dripu huandikwa idadi ya matone yanayofanya mililita moja. Mipira mingi ya kawaida ni 20, na ile ya matone madogo ni 60. Kwa mpira wa matone 20, mililita 240 ni matone 4,800. Yakigawanywa kwa dakika 60, hupatikana matone 80 kwa dakika. Waliozoea hugawanya tu mililita za saa moja kwa 3, nao hawakosei, kwa kuwa 20 juu ya 60 ni theluthi moja. Kwa mpira wa matone madogo hakuna hata haja ya kugawanya: 60 na 60 hufutana, na mililita kwa saa huwa sawa na matone kwa dakika.

Kuhesabu matone 80 kwa dakika nzima huchosha macho. Muuguzi huhesabu kwa sekunde 15, akitaka kuona matone 20, na huirekebisha klipu hadi yapatikane. Mtoto huangaliwa mara kwa mara, mapigo na macho na ngozi, na chupa nayo huangaliwa. Ilianza na mililita 500. Saa nne usiku alama yake inapaswa kuwa 260; ikiwa ingali 350, mkono umekunjwa au sindano imeziba, na kurudia hesabu hakutasaidia kitu. Ikiwa ni 260, mwendo hupunguzwa: mililita 560 kwa saa 5 ni 112 kwa saa, nazo kwa 3 ni matone 37 kwa dakika. Kwa mwendo huo mililita 260 zilizobaki zitakwisha baada ya saa mbili na dakika 19. Kabla ya saa sita na dakika 19 usiku, chupa ya pili iwe imekwisha kufikishwa kando ya kitanda.